Nani Atamtetea Mtetezi?

Mwalimu wa kijijini huwa karani wa kijiji kizima. Tangu nilipotoka chuo cha ualimu mwaka 1971 hadi nilipostaafu ukuu wa shule mwaka 2010, na hata baada ya hapo, nimewaandikia watu barua za posa, za madai ya malipo ya kahawa, za kuombea watoto nafasi za shule, za kuulizia mafao ya marehemu. Kati ya barua zote hizo ipo moja tu niliyoiandika kwa hasira hata kalamu ikatoboa karatasi. Niliiandika hapa Matiri, mwezi Septemba 2019, nayo ilikuwa ya kumshtaki wakili. Barua hiyo ndiyo iliyonifanya nitafute habari ninazozieleza katika sura hii: habari za watu ambao kazi yao ni kuwatetea wengine, na yale yanayowapata siku wanaposhtakiwa wao wenyewe.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alirithi shamba la kahawa lililo ubavuni mwa mlima, na chini yake ngoro za mahindi na maharage. Jirani yake akadai kwamba nusu ya shamba lile aliuziwa na marehemu shemeji yangu. Shauri likaenda kwenye baraza la ardhi, mashahidi wakasikilizwa, na mwaka 2018 mpwa wangu akashindwa. Ukoo mzima ukachanga fedha ili kumwekea wakili wa mjini akate rufaa Mahakama Kuu, Songea. Mimi niliuza magunia sita ya mahindi. Rufaa ya namna ile sheria huipa siku 45. Wakili wetu aliiwasilisha siku ya 52. Mwaka uliofuata ikatupwa kwa sababu hiyo moja, kwamba ilichelewa. Hakuna aliyefika mahali pa kuuliza mpaka wa shamba uko wapi, wala nani alipanda ile mibuni.

Jambo hili lilinichoma zaidi nilipoelezwa kwamba Mahakama yetu ya Rufani imekwisha kusema mara nyingi kuwa uzembe wa wakili, peke yake, si sababu ya kutosha ya kumwongezea mtu muda. Maana yake ni kwamba wakili akilala, anayeamka amepoteza shamba ni mteja. Mpwa wangu alikuja nyumbani jioni, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Mjomba, tumeibiwa mchana kweupe. Wewe ndiye mwenye kalamu. Andika."

Nikaandika. Nilijaza kurasa nne kwa Kamati ya Mawakili. Kwa msomaji asiyeijua, kamati hiyo ni chombo cha kisheria chenye asili yake katika Sheria ya Mawakili ya mwaka 1954, enzi za Mwingereza. Mwenyekiti wake ni jaji wa Mahakama Kuu anayeteuliwa na Jaji Mkuu. Pamoja naye hukaa Mwanasheria Mkuu wa Serikali au msaidizi wake, na wakili mmoja anayependekezwa na chama chao, TLS, ambacho nacho kiliundwa kwa sheria ya mwaka huo huo wa 1954. Mwananchi yeyote aweza kupeleka malalamiko huko. Kamati yaweza kumwonya wakili, kumsimamisha kwa muda, au kuliondoa jina lake kabisa katika daftari la mawakili. Adhabu hiyo ya mwisho ndiyo niliyoiomba mimi. Niliomba avuliwe joho na asilivae tena.

Sasa, katika siku zile zile redio ilitangaza habari iliyonifurahisha, na leo naona haya kukiri kwamba ilinifurahisha. Tarehe 20 Septemba 2019 Mahakama Kuu, Dar es Salaam, ilimsimamisha uwakili Fatma Karume, mjukuu wa Rais wa kwanza wa Zanzibar, ambaye mwaka mmoja tu uliopita alikuwa amechaguliwa kuwa Rais wa TLS. Alikuwa akimwakilisha Ado Shaibu katika shauri la kupinga uteuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Profesa Adelardus Kilangi. Jaji Kiongozi, Eliezer Feleshi, alilitupa shauri hilo, na ndani ya uamuzi ule ule akasema kwamba maneno ambayo wakili aliyaandika katika hoja zake yalikosa heshima. Akamsimamisha kazi Tanzania Bara hadi suala lake la nidhamu liamuliwe. Mimi nilizima redio nikasema moyoni, "Vema. Na wawashughulikie wote." Sikuona tofauti yoyote kati ya wakili aliyechelewesha karatasi zetu na wakili aliyeshutumiwa kwa ukali wa hoja zake. Kwangu walikuwa kabila moja.

Kabla sijaipeleka barua posta nilimsomea rafiki yangu mmoja, hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo, ambaye tulikuwa tukinywa chai pamoja kila Jumapili baada ya misa. Alinisikiliza hadi mwisho, akapuliza chai yake, akauliza, "Na yeye amesemaje?"

"Nani?"

"Huyo unayemwua."

Nikamjibu kwamba hana la kusema, siku 52 ni siku 52. Akasema, "Mwalimu, mimi nimekaa kitini miaka 27. Kila aliyekuja na jambo la wazi namna hiyo nilimwambia akae kwanza, tumsubiri mwenzake." Hakuongeza neno. Nikairudisha barua mfukoni.

Usiku ule nilimkumbuka babu yangu. Sisi Wamatengo tulikuwa na sengu. Wanaume wa ukoo walikusanyika uani kwa mzee, kila mke akaleta chakula cha nyumba yake, wakala pamoja, na hapo hapo mashauri yakasemwa: ya mipaka, ya ndoa, ya mbuzi aliyeingia shambani, ya kijana mvivu. Nilizaliwa mwaka 1950, hivyo niliikuta sengu ikiwa bado na nguvu. Nikiwa mtoto nilimwona mtu aliyetuhumiwa wizi akimega ugali katika chungu kimoja na yule aliyemtuhumu, kisha babu akasema, "Haya, tumeshiba. Sasa tusikie huyu, halafu tusikie huyu." Hapakuwa na wakili pale. Kila mtu alikuwa na mdomo wake, na kaka au mjomba wa kumsaidia maneno yakimkwama.

Nadhani ndiyo sababu sisi watu wa milimani tulimwona wakili kama mgeni tangu mwanzo. Wakoloni walipoanzisha mahakama za wenyeji waliwazuia mawakili kuingia humo, na baada ya Uhuru mahakama zetu za mwanzo ziliendelea na katazo hilo. Ni mwaka 2021 tu sheria iliporekebishwa ili mawakili waruhusiwe katika mahakama ya mwanzo inayosikilizwa na hakimu mkazi. Kwa hiyo vizazi na vizazi, mkulima wa Mbinga alikutana na wakili siku ya hatari kubwa tu, mjini, mbele ya watu waliovaa meusi na kusema Kiingereza. Mtu unayemkuta siku ya msiba huna muda wa kumjua. Akishinda, umeshinda wewe. Akishindwa, amekuuza.

Lakini yapo mambo ambayo kizazi changu kilipaswa kuyakumbuka. Nilikuwa na umri wa miaka minane mwaka 1958, Mwalimu Nyerere aliposhtakiwa Dar es Salaam kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wa Kiingereza katika gazeti dogo la Sauti ya TANU. Hakimu alimtia hatiani akamtoza faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, faini ikalipwa. Waliomtetea walikuwa mawakili wa Dar es Salaam, M. N. Rattansey na K. L. Jhaveri, pamoja na Mwingereza mmoja aitwaye D. N. Pritt. Darasani nilifundisha habari za kesi hiyo mara nyingi. Jambo ambalo sikulifundisha, kwa kuwa sikuwa nimelitafuta, ni kwamba Pritt huyo huyo, miaka sita kabla, alikuwa amesimama mahakamani Nairobi akiwa mshtakiwa.

Ilikuwa hivi. Mwishoni mwa mwaka 1952 Jomo Kenyatta na wenzake watano walipelekwa Kapenguria, kaskazini mwa Kenya, kushtakiwa kuwa viongozi wa Mau Mau. Mahali pale palichaguliwa kwa kuwa mbali na watu. Mawakili wa utetezi hawakuwa na pa kulala, ikawabidi wakae Kitale na kusafiri kila siku. Pamoja na Pritt walikuwepo Wahindi wa Kenya kama Achhroo Kapila na Fitz de Souza, Diwan Chaman Lall kutoka India, H. O. Davies kutoka Nigeria, na Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya uwakili huku kwetu Tanganyika. Pritt alituma simu ya maandishi kwa wabunge wa London akieleza kwamba katika hali ile haki ilikuwa inanyimwa. Hakimu Ransley Thacker alipopata habari aliisimamisha kesi, na wakili akaitwa mbele ya Mahakama Kuu ya koloni, Nairobi, kujibu shtaka la kuidharau mahakama.

Fikiri, msomaji, hali ya wale washtakiwa sita. Mtu waliyemtegemea awavushe mto, sasa yeye ndiye yuko majini. Angetiwa hatiani, nani angethubutu kuvaa viatu vyake? Lakini mahakama ilimsikiliza Pritt, ikaona kwamba hana hatia, na Januari 1953 akarudi Kapenguria kuendelea na kazi. Tarehe 8 Aprili 1953 Kenyatta alifungwa miaka saba. Utetezi haukumwokoa. Hata hivyo, kila neno la utetezi ule liliandikwa, na walimwengu wakalisoma. Hata serikali iliyokuwa katika hali ya hatari, yenye kila sababu ya kumchukia wakili yule, iliona haiwezi kumfukuza bila kwanza kusikia kauli yake.

Miaka thelathini na zaidi baadaye, Kenya huru ilifanya jambo ambalo mahakama ya kikoloni haikulifanya. Mwaka 1987 wakili Gibson Kamau Kuria aliwafungulia mashauri wateja wake waliosema wameteswa wakiwa kizuizini. Serikali haikujibu hoja zake mbele ya jaji. Ilimweka kizuizini yeye mwenyewe, bila mashtaka, hadi Desemba mwaka ule. Wakili akawa jirani wa wateja wake.

Hakimu mstaafu ndiye aliyenipa kisa cha zamani zaidi, nacho kilinigusa kwa kuwa kinahusu mwalimu. Mwanazuoni mmoja wa Cambridge, Dakta Bentley, alinyang'anywa shahada zake na chuo kikuu bila kuitwa kujieleza. Mwaka 1723 mahakama ya Uingereza iliamuru arudishiwe, na jaji mmoja akakumbusha kwamba hata Mungu, ambaye anajua yote, hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita na kumwuliza yuko wapi na amefanya nini. Mahakama za Tanzania nazo hukumbuka mfano huo. Nasi tumeliandika wazo lenyewe katika Katiba yetu, ibara ya 13, kwamba mtu ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu kabla haki zake hazijaamuliwa. Ibara haikusema "mtu, isipokuwa wakili".

Nilipoelezwa kisa cha Bentley nilinyamaza muda mrefu. Mwaka 1983, nikiwa mwalimu mkuu kijana, nilimrudisha nyumbani mwanafunzi wa darasa la sita mbele ya shule nzima, gwarideni, kwa wizi wa mafuta ya taa ya ofisi. Chupa ilikutwa chini ya dawati lake. Kwangu lilikuwa jambo la wazi. Kabla ya muhula kwisha aliyeiba alijulikana, naye hakuwa yule. Nilituma mtu kumwita mtoto. Baba yake akajibu kwamba amekwisha kwenda kwa ndugu zake upande wa ziwa, anavua dagaa. Hakurudi shuleni. Katika miaka 39 ya kazi nimewapa adhabu mamia ya watoto, na nyingi nimezisahau. Hiyo sijaisahau.

Basi wiki iliyofuata nilipanda basi kwenda kwa wakili. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, majalada yamepangwa hadi dirishani. Alikuwa kijana wa miaka kama 35. Alisimama aliponiona. "Shikamoo Mzee." Nikamweleza nimekuja kusikia upande wake kabla sijaituma barua, nikaiweka mezani. Aliisoma yote. Mikono ilimtetemeka kidogo kwenye ukurasa wa tatu, pale nilipomwita mwizi.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Mzee, siwezi kukujibu."

Nikadhani ni jeuri. Akaendelea taratibu: "Maneno niliyoambiwa na mteja wangu ni mali yake. Sina ruhusa kukupa wewe, hata kama wewe ndiye uliyeuza mahindi. Akinishtaki kwenye Kamati, hapo sheria itaniruhusu niseme yale yanayohitajika kujitetea, hayo tu. Au yeye mwenyewe aniruhusu leo. Mwulize mpwa wako kilichotokea kati ya siku ya 20 na siku ya 50."

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba wakili ana maneno mengi kuliko sisi sote. Anayeishi kwa ulimi hawezi kukosa la kusema. Kumbe siku anayoshtakiwa na mteja wake ndiyo siku aliyofungwa mdomo kuliko mtu yeyote sokoni. Mpwa wangu alikuwa amezunguka vijiji vitatu akimtangaza kuwa mwizi, naye kule ofisini kwake hakuweza hata kusema, "Si kweli."

Usiku ule nilimwita mpwa wangu peke yake. Nilimwuliza habari za siku ya 20. Aliangalia moto. Halafu akatoka, akarudi na mfuko wa plastiki, na ndani yake karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa hati ya mauzo ya sehemu ya shamba, yenye dole gumba la baba yake na majina ya mashahidi wawili. Aliikuta katika sanduku la marehemu baada ya kushindwa kule barazani. Alimwonyesha wakili. Wakili akamwambia kwamba hatasema uongo mahakamani kuhusu karatasi ile, kwamba kwa maoni yake heri wapatane na jirani, na kwamba aende nyumbani akaamue. Mpwa wangu akakaa kimya mwezi mzima, akiogopa kutueleza sisi tuliochanga. Siku ya 50 akarudi mjini na awamu ya pili ya fedha, akamsihi wakili akate rufaa hivyo hivyo.

"Mjomba," alisema, "ningewaambia nini?"

Nikamwomba ruhusa, akanipa, tukaenda wote wawili kwa wakili. Safari hii mdomo wake ulikuwa huru, naye hakuutumia kujisafisha wote. Alieleza kwamba siku ya 50 muda ulikuwa umekwisha. Njia iliyobaki ilikuwa kuomba kwanza mahakama iongeze muda, kwa kutoa sababu. Na sababu ya kweli hawakuwa nayo. "Nilipaswa kukataa fedha ile," alisema, "au niwaambie wazi kwamba napeleka rufaa iliyokufa. Nilimwonea huruma, nikapeleka. Na fedha niliihitaji. Hapo, Mwalimu, nilikosea." Baada ya majuma mawili alirudisha awamu ya pili yote, shilingi laki nne.

Nimetafakari sana tukio hilo. Barua yangu ya kurasa nne ilikuwa na kosa moja la kweli ndani yake, nalo sikuwa nimeliandika. Nililoliandika halikuwa la kweli, na la kweli sikulijua. Kama Kamati ingenisikiliza mimi peke yangu ingemvua joho kwa wizi ambao hakuufanya, na lile alilolifanya lingepita bila mtu kulisema. Hapo ndipo nilipoona kwamba kumtetea wakili anayeshtakiwa si kuwafunika mawakili wabaya. Pasipo utetezi hatuwezi kujua ubaya wao uko wapi hasa.

Ni kweli pia kwamba kinga ikizidi huwa ukuta. Waingereza, ambao tulirithi sheria zao, kwa muda mrefu walikataa kabisa mawakili wao wa mahakamani kushtakiwa kwa uzembe. Mwaka 1967, katika kesi ya Rondel dhidi ya Worsley, mabwana wakubwa wa sheria walisema kwamba wakili hawezi kudaiwa fidia kwa namna alivyoendesha kesi, maana akiogopa kushtakiwa na mteja wake atasahau wajibu wake kwa mahakama. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mwaka 2000 mahakama ile ile iliutupa mwiko huo, ikaona kwamba daktari hushtakiwa akikosea, mhandisi hushtakiwa, na wakili naye aweza kujibu kama wao. Mimi nakubaliana na uamuzi wa mwaka 2000. Mwalimu anayekataa kukaguliwa ana jambo analolificha. Ila mkaguzi naye hukaa nyuma ya darasa, akasikiliza somo lote, kabla ya kuandika ripoti.

Msomaji atauliza mwisho wa habari ile ya redio. Tarehe 23 Septemba 2020 Kamati ya Mawakili ilimtia Fatma Karume hatiani na kuliondoa jina lake katika daftari la mawakili wa Bara. Hakukubali, akaenda mbele. Mwezi Juni 2021 Mahakama Kuu iliutengua uamuzi huo. Tangu aliposimamishwa hadi siku hiyo ilipita karibu miezi 21, na wakati huo wote wateja wake wa Bara walipaswa kutafuta mtu mwingine. Baadaye wakili Boniface Mwabukusi naye alifikishwa mbele ya Kamati kwa maneno aliyoyasema hadharani wakati wa mjadala wa mkataba wa bandari wa mwaka 2023, akapewa onyo mwaka 2024. Akaenguliwa katika uchaguzi wa TLS. Mahakama Kuu ikamrudisha. Na Agosti 2024, Dodoma, mawakili wenzake wakamchagua kuwa Rais wao.

Sitaki kuwa hakimu wa ndimi za mawakili hao. Huenda mwingine kati yao alisema neno ambalo mimi, kwa malezi yangu, nisingelisema mbele ya wakubwa. Ninachosema ni hiki. Wakili aliyechelewesha karatasi amemdhuru mteja. Wakili aliyesema kwa ukali amemuudhi mkubwa. Haya ni makosa mawili tofauti, na mimi mwaka 2019 niliyatia katika gunia moja. Aliyeibiwa hulalamika kwa machozi, na aliyeudhiwa hulalamika kwa nguvu alizo nazo. Chombo kinachowapokea wote wawili chapaswa kukaa kama babu yangu alivyokaa uani, chakula kikiwa katikati, akasikiliza kwanza huyu, halafu huyu. Maana siku wakili atakapoogopa kusema neno kwa ajili yako, hataogopa peke yake. Mpwa wangu na mimi tutaogopa pamoja naye, na sisi hatuna hata joho.

Shamba lilikwenda. Mpwa wangu alipatana na jirani kwa masharti ambayo angeyapata bila gharama mwaka 2018, kama angekubali shauri la wakili. Bado ana mibuni kama mia mbili upande wa juu. Alirudi katika vile vijiji vitatu, nyumba kwa nyumba, kufuta neno "mwizi". Nilimsindikiza katika kijiji cha kwanza. Vile viwili vingine alikwenda peke yake.

Barua ile sikuituma, wala sikuichana. Iko katika sanduku langu la bati, pamoja na daftari la mahudhurio la mwaka 1983, ambalo jina la mtoto mmoja limekatwa kwa wino mwekundu, mkono wangu.